Unauza oili ya pikipiki mtandaoni? Piga picha nyuma ya chupa

Leo nawapa somo lililonigharimu.

Nilipoanza duka hapa Kilindoni, dereva wa bodaboda alinitumia meseji: "Nitumie oili lita moja." Mimi nikamtumia ya gari, si oili ni oili? Siku chache mbele akarudi. Pikipiki inapiga kelele tu, haivuti. Fundi akafungua, klachi inateleza. Nilirudisha hela yake na kuchangia klachi pleti mpya. Faida ya chupa moja ikala faida ya wiki nzima.

Kosa liko hapa: kwenye gari, klachi haiogi oili ya injini. Kwenye pikipiki nyingi za gia, kama Boxer na TVS, oili hiyohiyo inalainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano haishiki.

Kwa hiyo kabla hujapost, soma nyuma ya chupa:

1. 4T au 2T? Bodaboda zetu nyingi ni 4T. 2T ni ya kuchanganya na petroli. Huku Mafia wavuvi nao wanaulizia oili ya kuchanganya kwa mashine za boti, na ya boti huandikwa TC-W3. Usizichanganye kwenye picha moja.

2. JASO MA au MA2. Hiyo ndiyo inafaa klachi inayooga oili. JASO MB ni ya skuta zisizo na gia, usimpe mtu wa Boxer.

3. Namba, mfano 20W-50 au 10W-40. Ya mbele inaonyesha oili inavyotiririka kukiwa na baridi, ya nyuma inaonyesha uzito wake injini ikichemka. Nzito zaidi siyo bora zaidi. Kitabu cha pikipiki ndicho kinachosema.

Kwenye tangazo weka picha mbili, mbele na nyuma ya chupa, halafu andika inafaa chombo gani. Ukishatuma mzigo mpaka Bweni ukakosea, nauli ya kuurudisha ni yako.

Mteja akisema "oili ipo?", usikimbilie kutaja bei. Muulize kwanza: "Ya chombo gani, kaka?" Swali moja tu, linaokoa injini yake na jina lako.