Kwa Nini Rubani Hodari Hukosea

Neno rubani lilikuwa la majini kabla halijapanda hewani. Rubani ni mtu ajuaye miamba na mikondo, aongozaye chombo kiingie bandarini salama. Nalitaja hilo kwa sababu vijana wa hapa Nchelenge, ambao kila siku huona mashua zikivuka Ziwa Mweru kwenda visiwa vya Kilwa na Chisenga, huniuliza sana habari za marubani wa ndege. Swali lao ni moja: mtu aliyefundishwa miaka mingi hukosaje jambo ambalo hata mwanafunzi angeliona?

Nyuma ya swali hilo ipo timu yetu. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya Jeshi la Anga la Zambia, aina ya Buffalo yenye injini mbili, ilikuwa ikiwapeleka wachezaji wa taifa Dakar wakacheze na Senegal. Ilitua Brazzaville, kisha Libreville kutia mafuta, na muda mfupi baada ya kuondoka Libreville ikaanguka baharini karibu na pwani. Watu wote 30 walikufa, na mwalimu wao Godfrey Chitalu miongoni mwao. Taarifa ya wachunguzi wa Gabon ilitoka mwaka 2003. Ilisema ya kuwa injini iliyoharibika ilikuwa ya kushoto, na rubani akaizima ya kulia. Ilitaja taa ya kuonya iliyokuwa mbovu, na uchovu pia, maana rubani huyo alikuwa amewarudisha wachezaji kutoka Mauritius siku iliyotangulia.

Wako wasemao, kumbe hakujua kushoto na kulia! La, sivyo. Jambo la namna hiyo lilikuwa limekwisha tokea Uingereza tarehe 8 Januari 1989, na kwa kuwa marubani wote wawili waliokoka, twajua vema zaidi yaliyopita katika fikira zao.

Ndege ile, Boeing 737-400, ilikuwa ikitoka London kwenda Belfast. Panga moja la feni katika injini ya kushoto lilivunjika. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Rubani mkuu alikuwa amekwisha ruka saa zaidi ya 13,000. Katika ndege za 737 za zamani alizozizoea, hewa ya chumba cha abiria ilitoka injini ya kulia. Basi alipofahamu ya kuwa moshi uko huko kwa abiria, akakata shauri kwamba mgonjwa ni wa kulia. Ndege hii mpya ilikuwa imeundwa vingine. Wakaipunguza injini ya kulia, baadaye wakaizima, na tazama, mtetemo ukatulia! Ulitulia kwa sababu nyingine: mtambo wa kujiongezea nguvu ulikuwa umeondolewa, hata injini ya kushoto ikapunguziwa mafuta. Lakini kwao ilionekana kama dawa imekubali. Walipokaribia kutua, injini ya kushoto ikafa kabisa. Ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Kegworth, na kati ya watu 126 walikufa 47.

Mwanafunzi, hodari au mzito, husoma saa moja baada ya nyingine, maana hana njia nyingine. Mzoefu hasomi hivyo. Hutambua, kama wewe utambuavyo mwendo wa ndugu yako kwa mbali kabla hujauona uso wake. Utambuzi huo humwokoa mara nyingi sana, wala singependa kusafiri na rubani asiyekuwa nao. Ila siku chombo kikiwa kingine, au taa ikidanganya, mkono hutangulia jicho. Na mtu akiisha kukata shauri, kila kitu humwonyesha ya kuwa yu sawa. Manahodha wetu wa Mweru ni vivyo hivyo: aliyevuka mara mia chini ya wingu la namna fulani halitazami tena wingu la mara ya mia na moja.

Dawa ya kwanza yatoka Marekani. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege mpya ya Boeing ilianguka ikiruka, kwa kuwa kufuli ya usukani wake haikufunguliwa, na aliyeiendesha, Meja Hill, alikuwa rubani wa majaribio. Wenzake hawakusema afunzwe mwingine zaidi; waliandika orodha ya mambo ya kukagua, isomwe kwa sauti kila safari. Kwa sababu hiyo pia leo rubani hazimi injini peke yake. Hutia mkono juu ya wenzo, hutaja ni injini ipi, na mwenzake hutazama na kuitikia ndipo uvutwe.

Lakini mwenzake akinyamaza? Pale Kegworth abiria na watumishi waliona moto upande wa kushoto. Abiria walimsikia rubani mkuu akitangaza habari za injini ya kulia, wakastaajabu, wakanyamaza. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, rubani aliyekuwa akiwafundisha wengine alianza kuruka ilhali ndege nyingine ingali njiani mbele yake. Fundi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama njia i wazi. Akajibiwa kwa mkazo kwamba i wazi, naye asiendelee. Watu 583 walikufa.

Hili kwetu ni gumu kuliko orodha, maana kijana amelelewa asimkatize mzee. Tangu miaka ya 1980 makampuni ya ndege yamefundisha jambo hili waziwazi. Mdogo hatakiwi kumtukana mkubwa. Humwita kwa cheo chake, husema anachokiona, na kuuliza wafanyeje. Katika mitambo ya mazoezi mkubwa huagizwa kwa siri akosee au anyamaze, ili mdogo apimwe. Akiisha kumsemesha mara mbili bila jibu la maana, kanuni ni kwamba mdogo aushike usukani mwenyewe.