MSAIDIE MTOTO WAKO KUANDIKA NYUMBANI KILA SIKU



Wazazi wengi waliotoka Kongo na kuishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda huuliza: "Mimi sijui Kiingereza. Nitamsaidiaje mtoto?" Ni swali la haki. Shule ya msingi ya hapa ina madarasa 7. Mwisho wa darasa la 7 mtoto hufanya mtihani wa Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na masomo yote manne huandikwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo, unaweza kumsaidia sana kwa Kiswahili. Mtoto akizoea kuandika haraka, kwa herufi zinazosomeka, na kupanga mawazo yake, ujuzi huo huenda naye katika lugha yoyote. Kiswahili ni mwanzo mzuri kwa sababu huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Katika Kiingereza herufi moja hubadili sauti mara kwa mara.

KWA NINI NYUMBANI?

Madarasa yamejaa. Mwalimu hawezi kutazama daftari la kila mtoto kila siku. Tena, shuleni watoto hunakili ubaoni kwa muda mrefu. Mtoto anaweza kunakili ubao mzima bila kuelewa neno. Nyumbani ndipo anapoweza kuandika maneno yake mwenyewe.

WAKATI GANI?

Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Chagua wakati mmoja usiobadilika, kabla jua halijazama, ili asihitaji taa. Wasichana nao wapewe wakati huo. Kama binti yako ndiye anayechota maji na kupika, gawa kazi hizo kati yake na kaka zake.

AANDIKE NINI?

1. Mtoto mdogo: jina lake, majina ya wazazi, kijiji mlichotoka na mahali mnapoishi sasa. Mtoto anayeyajua haya husaidiwa upesi akipotezana na jamaa zake. Pia ataona mara moja kama jina lake limekosewa kwenye karatasi.

2. Mtoto wa katikati: orodha ya vitu vya sokoni, kama chumvi, sabuni, dagaa na mafuta, pamoja na bei zake. Mpe orodha hiyo mwende nayo sokoni.

3. Mtoto mkubwa: barua kwa bibi au shangazi, hadithi uliyomsimulia jana, au jinsi sombe inavyopikwa, hatua kwa hatua. Aandike kwanza kwa Kiswahili, kisha ajaribu sentensi mbili au tatu kwa Kiingereza.

KAMA HAKUNA DAFTARI

Tumia kijiti kwenye udongo uliofagiwa. Tumia mkaa juu ya kipande cha ubao au katoni. Daftari la shule litunzwe ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua, wala lisitumiwe kuwashia moto.

KAMA HUJUI KUSOMA

Kaa karibu naye. Mwambie akusomee alichoandika, akionyesha kila neno kwa kidole. Kesho mwambie asome tena yale yale. Akisoma jambo lingine, mwulize kwa upole aangalie vizuri. Kwa njia hii mtoto ataona kwamba kazi yake ina thamani, na huenda wewe pia ukaanza kuzitambua herufi.

MAMBO YA KUEPUKA

- Usimpige wala kumcheka kwa sababu ya makosa. Mtoto anayeogopa huandika maneno machache anayoyajua tu.
- Usisahihishe kila kosa. Sifu jambo moja, kisha sahihisha moja.
- Usimlazimishe mtoto wa mkono wa kushoto atumie wa kulia.
- Usifanye kuandika kuwa adhabu.

Anza leo na jina lake. Baada ya mwezi mmoja, linganisha maandishi ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho. Ukiona mtoto bado anashindwa kuandika herufi, au anainamia karatasi kama asiyeona vizuri, zungumza na mwalimu wake mapema. Haba na haba hujaza kibaba.