Nguru, Baridi na Hewa

Aghalabu watu hudhani kwamba chakula kikishaganda kimesalimika. Ilhali kipande cha nguru kilichotiwa katika friza ndani ya mfuko wa kawaida hufanya, baada ya miezi kadhaa, madoa meupe makavu, na kikipikwa huwa kigumu, hakina utamu wake wa asili. Madoa hayo si uozo. Barafu, hata pasipo kuyeyuka, hugeuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo, ukipata nafasi mfukoni, huihama minofu na kwenda kuganda pembeni, ndio zile chembe za barafu zimwagikazo mfuko ufunguliwapo.

Hasara ya pili huletwa na oksijeni. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huwazuia bakteria wasizaliane, lakini oksijeni huendelea, japo taratibu, kuyachachusha mafuta. Ndiyo sababu vibua, wenye mafuta mengi, huharibika ladha mapema kuliko changu.

Hapo ndipo ifaapo mashine ya kutoa hewa. Huifyonza hewa mfukoni, kisha waya wa moto huyeyusha mdomo wa mfuko ukashikamana. Wala si mashine iubanayo mfuko juu ya samaki, bali ni uzito wa hewa ya nje, takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Ndiyo nguvu ile ile ambayo Otto von Guericke wa Magdeburg, katika karne ya 17, aliidhihirisha kwa nusu-tufe mbili za shaba zilizotolewa hewa, farasi wakashindwa kuzitenganisha. Mfuko wenyewe sharti uwe wa tabaka mbili: nailoni ya kuzuia oksijeni, na poliethilini ya ndani ya kuyeyuka na kuziba.

Kazi hii yataka uangalifu. Tone moja la maji ya samaki likibaki mdomoni mwa mfuko, mshono haushiki; hivyo ni bora vipande vigandishwe kwanza saa moja au mbili, ndipo vifungwe. Mwiba nao hutoboa, basi na ufunikwe kwa karatasi iliyokunjwa.

Lakini lililo zito kuliko yote ni hili: mashine haimrudishii samaki ubichi. Jodari aliyeachwa juani hufanya histamini, ambayo haiondolewi na barafu wala moto. Na yuko bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye hustawi pasipo hewa; jamii yake moja, ipatikanayo kwa samaki, huweza kukua na kutoa sumu hata katika nyuzi 4, yaani ubaridi wa jokofu la kawaida, na sumu hiyo huenda isijulikane kwa harufu. Katika friza hana la kufanya. Hatari huanza samaki anapoyeyuka. Kwa hiyo mfuko ukatwe mdomo kabla haujatiwa jokofuni kuyeyushwa, hewa iingie. Na umeme ukikatika, friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48. Mfuko uliobaki umefungwa na kukutwa umeyeyuka, una joto, utupwe, hata kama samaki aonekana mzima.