Nyuso Zilizozama Kwenye Wino

Shule moja ya sekondari ilituletea kazi ya kalenda: nakala 2,000, karatasi ya kung'aa ya gramu 150, na katikati picha kubwa ya wahitimu wa kidato cha sita waliojipanga kwenye ngazi. Kwenye kompyuta picha ilikuwa safi kabisa. Ilipotoka mtamboni, mashati yalikuwa meupe, tai nyekundu, mwembe wa nyuma kijani. Lakini sura za wanafunzi zilikuwa mabaka meusi yenye meno. Mzazi mmoja aliyefuatana na mwalimu kuchukua mzigo alipitisha kidole kwenye safu ya tatu, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Alikuwa akimtafuta mwanawe, na hakumwona.

Fundi wa mtambo alifanya kile ambacho mafundi wengi hukikimbilia: alipunguza wino. Tai zikawa za waridi, nywele zikapauka, na bado pua haikujitenga na shavu. Tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha kazi hii namwambia jambo hilohilo kwanza: sura ikishapotea namna ile, usiitafute kwenye wino. Rudi kwenye pleti, bamba linalobeba picha mtamboni.

Mtambo wa ofseti hauna wino wa kahawia wala wino hafifu. Una rangi nne tu, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi, na kila mahali kwenye karatasi ama wino upo ama haupo. Ngozi, anga, kivuli cha mti, vyote hutengenezwa kwa nukta. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi uisogeze kwenye kalenda iliyo ukutani kwako: utaona nukta za rangi nne zimekaa kama maua madogo, kubwa penye giza, ndogo penye mwanga. Tukisema toni ya asilimia 50, maana yake nusu ya eneo lile imefunikwa na wino. Gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa mbinu ya aina hii tarehe 4 Machi 1880, na msingi wake haujabadilika.

Shida ni kwamba nukta haibaki na ukubwa iliopewa. Hukandamizwa mara mbili, kutoka kwenye pleti kwenda kwenye blanketi la mpira, kisha kutoka kwenye blanketi kwenda kwenye karatasi, na kila mara hutanuka kidogo. Halafu karatasi nayo hunywa. Muuza maandazi akikufungia kwenye gazeti, tazama doa la mafuta linavyotambaa. Akikufungia kwenye kipande cha kalenda ya kung'aa, mafuta yanakaa juu. Wino hufanya vivyo hivyo. Na hata usipotanuka kabisa, mwanga unaoingia kwenye karatasi kando ya nukta husambaa ndani na sehemu yake hunaswa chini ya wino, hivyo jicho huiona nukta kubwa kuliko ilivyo.

Sisi wachapaji tunasema nukta imevimba. Kuvimba kwenyewe si kosa, maana faili lililoandaliwa vizuri linakutarajia. Kwa karatasi nzuri ya kung'aa, kiwango cha kimataifa cha ISO 12647-2 cha mwaka 2013 kinategemea nukta ya 50 ipimwe kama 66 baada ya kuchapwa. Kwenye karatasi ya gazeti inaweza kufika 76. Madhara huja pale mtambo unapovimbisha kuliko faili lilivyotarajia, kama ilivyotokea kwetu: tulipopima karatasi zile za kalenda, nukta ya 50 ilikuwa imefika 74.

Sasa sikiliza hesabu hii, kwa sababu inagusa nyuso zetu moja kwa moja. Nukta ndogo sana huvimba kidogo, na nukta iliyokaribia kujaa haina pa kwenda. Uvimbe mkubwa uko katikati. Ngozi nyeupe hukaa chini ya katikati. Shavu la 20 likawa 35, na kivuli chake cha 35 kikawa 57: tofauti iliyokuwa pointi 15 imeongezeka hadi 22. Mtu huyo ataonekana ameungua jua, lakini utamtambua. Ngozi nyeusi hukaa juu ya katikati. Shavu la 70 linakuwa 90, na nywele za 85 zinakuwa 97. Tofauti ileile ya pointi 15 imebaki 7, na ndani ya pointi hizo 7 unatakiwa kupata mfupa wa shavu, ukingo wa jicho na mwanzo wa nywele. Haviwezi kuenea. Mtambo uleule, kosa lilelile, mmoja anabaki na sura yake na mwenzake anaipoteza.

Ndiyo maana sikubali kurasa za majaribio zenye matunda, maua na mwanamke wa Kizungu peke yake. Maabara za picha duniani ziliishi miaka mingi na kadi za Kodak zilizojulikana kama Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, na rangi za ngozi zikasawazishwa kwa kumtazama yeye. Ukurasa wa majaribio wa mchapaji wa Dar es Salaam au Mombasa uwe na nyuso za watu watakaochapwa pale.

Tulirekebishaje? Kwanza tuliutibu mtambo wenyewe. Blanketi lilikuwa limekazwa kupita kiasi, roli za wino hazijarekebishwa, na maji ya mtambo tukayarudisha kwenye pH kati ya 4.5 na 5.5. Hatua hii usiiruke, kwani fidia iliyoandikwa juu ya mtambo mgonjwa itakudanganya siku utakapopona. Uvimbe uliobaki ulikuwa wa kawaida ya mtambo ule, na ulibadilika kidogo mno kutoka 74. Kisha tukachapa ukurasa wa majaribio kwa wino wenye uzito sahihi, tukapima vipande vya 25, 50 na 75 kwa densitometa, rangi moja baada ya nyingine. Vipimo vile vikaingizwa kwenye programu inayoongoza mashine ya kutengenezea pleti. Ili nukta ya 50 itue kwenye 66, ilibidi kwenye pleti iwe karibu 42. Pleti nne mpya, wino ukarudishwa uzito wake kamili, tai zikawa nyekundu na vijana wakawa na nyuso.

Mambo mawili mengine huharibu sura, na yote hutokana na nia njema. La kwanza ni kuomba skrini ya nukta ndogondogo ukidhani ubora umeongezeka. Wino hutanuka kwenye kingo, na nukta nyingi ndogo zina kingo nyingi zaidi kuliko chache kubwa, kwa hiyo uvimbe huongezeka. Mistari 150 ya nukta kwa inchi inafaa karatasi ya kung'aa. Kwenye karatasi ya gazeti kaa kwenye 85 hadi 100. La pili ni kurundika rangi zote nne kwenye weusi. Jumla ya wino ikipita asilimia 300 kwenye karatasi ya kung'aa, au 240 kwenye gazeti, vivuli huziba, wino hauwahi kukauka na huhamia mgongoni mwa karatasi ya juu yake. Kwenye unyevu wa pwani nimeona mzigo mzima ukigandamana usiku mmoja.

Wewe unayepeleka kazi kuchapwa, peleka picha halisi kutoka kwenye kamera au simu iliyoipiga, maana ile iliyopita WhatsApp kwa kawaida imeshapunguzwa. Usiidhinishe rangi kwa kuangalia kioo cha kompyuta, kinachotoa mwanga wake chenyewe wakati karatasi inauazima. Dai prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyochapwa kwa kufuata vipimo vya karatasi ileile utakayotumia, itoe chini ya taa ya njano ya ofisini, usimame nayo dirishani mchana. Kisha tafuta kwenye picha mtu mweusi kuliko wote, uanze na uso wake. Usipomtambua, usitie saini.