Mashine ya Babu Usiiuze kwa Kilo

Kama kwenu Lodwar kuna sanduku la babu, lipekue kabla mnunuzi wa vyuma kuukuu hajapita. Ukikuta mashine ya chuma ya kunyolea ndevu, ile ya kufungia wembe wa makali mawili, shika hapo. Kuna watu duniani wanazikusanya hizo.

Lakini tulia, usianze kuhesabu pesa. Uzee pekee hauleti bei. Mwaka 1903 Gillette iliuza mashine 51 tu. Mwaka uliofuata ikauza zaidi ya 90,000. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipochacha, serikali ya Marekani ikanunulia wanajeshi wake milioni 3.5. Kwa hivyo mashine kongwe inaweza kuwa tele kama mchanga wa Turkwel. Adimu ni iliyotoka chache, kama Toggle ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Fat Boy ya 1958 hadi 1961, enzi Kenyatta akizuiliwa huku kaskazini, inapendwa sana lakini si adimu.

Utajuaje yako? Igeuze, usome chini ya kichwa. Gillette za Marekani tangu 1951 zina herufi ya mwaka na nambari ya robo: Y2 ni robo ya pili ya 1953. Na usiisugue kwa mchanga! Mng'aro ukitoka, bei nayo imeenda.

Ikiwa ya kawaida, sawa tu: wembe wa dukani bado unaingia, nyoa. Ikiwa adimu, mwambie babu kwanza. Ni yake.