Mwalimu, leo wameandika nini?

Saa sita mchana, getini. Mzazi akishampokea mtoto, kitu cha kwanza anachofungua ni begi. Anachomoa daftari na kufunua ukurasa wa mwisho. Akikuta mistari ya a, e, i, o, u na alama ya vema ya wino mwekundu, roho yake inatulia. Akikuta ukurasa mweupe, anamgeukia mwalimu kwa sauti ya mtu aliyelipa ada: “Kwani leo wameshinda wakicheza?”

Ndiyo, wameshinda wakicheza. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5 hiyo ndiyo kazi ya shule, na mwalimu anayeifanya sawasawa huondoka amechoka kuliko mwenzake aliyewaandikia herufi ubaoni, akawaambia wanakili, kisha akakaa.

Tuanze na mkono wenyewe. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8. Kwa mtoto wa miaka 3, iliyoanza kuwa mfupa ni nusu yake tu au pungufu. Sehemu nyingine bado ni gegedu laini, na kipande cha mwisho huanza kugeuka mfupa akiwa na miaka 8 hadi 12. Mkono huo unahitaji kazi za saizi yake. Kufinyanga udongo. Kuchana jani la mgomba liwe nyuzinyuzi. Kukamua kitambaa chenye maji kwenye beseni. Kutunga shanga kubwa kwenye kamba ya kiatu. Vidole vinavyokamua kitambaa leo ndivyo vitakavyoishika penseli kesho bila kuikunjia ngumi.

Sikio nalo lina masomo yake, na hapo Kiswahili kimetupendelea. Silabi zake zinasikika waziwazi, kwa hiyo mtoto ambaye hajui herufi hata moja anaweza kulikata neno vipande kwa kupiga makofi. Asubuhi watoto wanakaa duara, kila mmoja anataja jina lake na darasa zima linalipiga makofi: A-sha, mawili, Ra-ma-dha-ni, manne. Wenye majina marefu hujiona wakubwa. Baadaye mwalimu anageukia wanyama. Si-mba, mbu-zi, ku-ku, yote yanakwenda vizuri. Akitaja mbwa, darasa linagawanyika: nusu wanapiga kofi moja, nusu mawili. Waliopiga mawili wamepata, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake, m-bwa, na mkazo wa neno uko juu yake. Huo ni uchambuzi wa sauti ambao wengine hukutana nao chuo kikuu, na hapa unafanywa na watu ambao bado wanasahau kuvaa kila kiatu mguu wake. Atakapoonyeshwa herufi, mtoto huyo atakuwa na sauti ya kuiweka juu ya kila moja.

Hesabu zipo uani, ndani ya kishimo. Mdako haujawahi kuhitaji bajeti. Watoto wanachimba kishimo kidogo, wanajaza kokoto, wanachagua jiwe moja la kurusha. Mchezaji analirusha juu, na kabla halijashuka anazikumbua kokoto nje ya kishimo, kisha analidaka. Analirusha tena, na safari hii anazirudisha kokoto zote isipokuwa moja, ambayo ndiyo chumo lake. Akikumbua 10 lazima arudishe 9. Akirudisha 8, wenzake watapiga kelele kabla mwalimu hajafungua mdomo. Raundi inayofuata anabakisha mbilimbili, halafu tatutatu. Kutoa, kuhesabu kwa kuruka na kukadiria kwa jicho, vyote vimo katika mchezo ambao bibi zetu waliucheza wakisubiri ndoo zijae kisimani. Kwa wadogo, ambao mikono na macho yao bado havijapatana, kurusha kunaachwa: wanatoa na kurudisha tu, wakihesabu kwa sauti.

Darasa likiwa na kona za kujifunzia, kona ya duka ndiyo yenye msongamano. Maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai yamepangwa juu ya benchi, mizani imetengenezwa kwa vifuu viwili vya nazi na kijiti, na visoda ndizo fedha. Muuza duka ana miaka 5. Mteja anataka sukari na chumvi, ana visoda 4, na bei imefika 6. Kwa muda wanatazamana. Mteja anasema atamalizia kesho. Muuza duka, ambaye bila shaka amewahi kutumwa dukani na mama yake, anatikisa kichwa: hakuna kukopa. Mteja anarudisha chumvi. Mtu mzima anayepita nje anaona utundu. Mwalimu aliyechuchumaa pembeni ameona mtoto akilinganisha 4 na 6, akifanya uamuzi, akishika foleni na kujieleza kwa sentensi nzima. Hayo anayaandika kwenye daftari lake yeye, si la mtoto.

Wasiwasi wa wakubwa kuhusu kujifunza kwa kucheza ni wa zamani. Friedrich Fröbel alipofungua kituo chake cha watoto huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, zana zake zilikuwa mipira ya sufu na vipande vya mbao vya kujengea. Mwaka 1840 alikipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za aina hiyo, ikizishuku kueneza ukanaji Mungu. Fröbel alifariki mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa hadi 1860. Maria Montessori naye, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa kazi za kuosha, kufuta na kumimina, kwa vyombo vya kimo chao. Mtoto wa kwetu aliyepewa ufagio mfupi wa chelewa angejiona yuko nyumbani.

Pwani ya Afrika Mashariki ina habari yake, nayo inastahili kujulikana zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu katika pwani ya Kenya walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari bila kuachana na dini na mila zao, na wakauomba msaada mtandao wa Aga Khan. Kazi ikaanza Mombasa chini ya mwalimu Swafiya Said, shule ya awali ya kwanza ya madrasa ikafunguliwa mwaka 1986, na mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Mafunzo ya dini yalikaa pamoja na kona za michezo, na zana zilitengenezwa kwa vitu vya hapo hapo, makuti na vifuu vikiwemo. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar walikuta waliosoma shule za awali wakiwapita waliobaki nyumbani, na wa shule hizi za madrasa wakiwapita wenzao wa shule nyingine za awali.

Utaratibu wa darasa uliofuatwa Mombasa ulitoka mbali, mji wa Ypsilanti, Michigan, Marekani. Mtoto anasema atakachofanya, anakifanya, kisha anawasimulia wenzake alichofanya. Katika mji huo, kuanzia 1962, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa: 58 wakasomeshwa hivyo, 65 hawakupelekwa shule ya awali. Walikuwa bado wanafuatiliwa walipofika miaka 40. Kufikia hapo waliokuwa wamekamatwa na polisi mara 5 au zaidi walikuwa asilimia 36 ya waliosoma na asilimia 55 ya wasiosoma. Watoto 123 ni wachache mno kuwa ushahidi wa dunia nzima, lakini tafiti zilizomfuata mtu kwa muda mrefu hivyo nazo ni chache.

Serikali zetu, kwenye karatasi, zimeshakubali. Tanzania iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi kwa sera ya 1995, na kuanzia 2016 ada ikafutwa katika shule za umma. Kenya ina miaka miwili ya awali, PP1 na PP2, chini ya kaunti. Kikwazo ni hesabu nyingine: kipimo cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika shule za serikali si ajabu kukuta zaidi ya 100 katika chumba kimoja. Kona ya duka haiwezi kubeba watu 100. Mwalimu wa darasa hilo akirudi kwenye ubao na kuimbisha, alaumiwe kwa kiasi. Makofi ya majina, hata hivyo, yanawezekana kwa 100 kama kwa 10, na mdako unahitaji tu vishimo vingi zaidi chini ya mwembe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka 3 au 4 atumie angalau dakika 180 kwa siku akijishughulisha na mwili wake, 60 kati ya hizo akihema. Benchi haliwezi kumpa dakika hizo.

Mzazi naye ana la kufanya, tena mwisho huu wa wiki. Maboksi ya dawa ya meno, chupa za maji, vifuu, magunzi ya mahindi na visoda visitupwe. Vioshwe, vikaushwe, vyenye ncha kali viondolewe. Visoda visipewe watoto wa chini ya miaka 3, kwani hao kila kitu kwao ni chakula. Jumatatu vifungwe kwenye mfuko, vikabidhiwe kwa mwalimu, na mchana getini mtoto aulizwe alicheza nini na nani alishinda.