Karanga Zilizofichwa Chini ya Bakuli

Huko Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, jimbo la Maniema, wengi hutafuta riziki yao katika dhahabu. Dhahabu haikadiriwi kwa macho. Hupimwa kwa mizani. Tuseme mchimbaji ameuza gramu 9 siku nzima, na asubuhi aliuza 4. Jioni aliuza ngapi? Asipoweza kujibu mwenyewe, hana budi kupokea neno la mnunuzi, nalo huenda likampunguzia malipo ya jasho lake. Ndiyo maana twasema ya kuwa kutafuta sehemu isiyoonekana si mchezo wa ubaoni tu.

Mpeni mtoto wa darasa la kwanza au la pili swali hili: "Mtoto alikuwa na karanga 8. Mama akamwongezea nyingine. Sasa anazo 13. Mama alimwongezea ngapi?" Wengi watajibu upesi: 21. Msiwakaripie, kwani si uvivu. Wameona namba mbili, wamesikia neno "akamwongezea", basi wakajumlisha. Hawakujiuliza hiyo 13 ni nini. Nasi walimu tuna sehemu yetu katika kosa hilo, tukiwazoeza kuamini ya kuwa penye "kuongeza" hujumlishwa na penye "kubaki" hutolewa.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe, "Tujumlishe au tutoe?" Liwe hili: "Jumla ni ipi, na sehemu ni zipi?" Sehemu mbili zikikutana hufanya jumla, jumla ikiondolewa sehemu moja, hubaki ya pili. Mtoto aliyeshika neno hilo hapotezwi na maneno ya swali.

Tena, somo hili lafaa sana nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Jioni, hesabuni pamoja karanga 10. Mtoto afumbe macho. Nanyi funikeni chache kwa bakuli, mwache 6 nje. Akifumbua, mwulizeni: "Zilikuwa 10, ngapi zimefichwa?" Aanze penye 6, aendelee: 7, 8, 9, 10, akiinua kidole kwa kila namba. Vidole vinne! Kisha afunue bakuli, karanga zenyewe ziwe hakimu wake.

Akizoea, achore mstari mrefu chini kwa kijiti, aukate sehemu mbili: juu ya mstari wote aandike 10, katika sehemu moja 6, na sehemu ya pili aiache tupu. Hapo tu ndipo aandike 10 − 6 = 4, na kuhakikisha kwa 6 + 4 = 10. Tusiharakishe alama kabla ya mikono na macho kuelewa.

Mwisho, mtumeni sokoni. Amekwenda na faranga 5,000, amerudi na 3,500; aseme ametumia ngapi kabla ninyi hamjasema.

Tangu mwaka 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto wengi wamemiminika shuleni, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto kwa karanga na bakuli. Mzazi aweza. Haihitaji kitabu wala fedha, bali robo saa tu kabla ya chakula. Siku mtoto huyo atakaposimama mbele ya mizani, hatahitaji kuambiwa haki yake ni kiasi gani.